Yupi Hula Wanawe

Pale kituoni, kituo cha kutunza wanyama adimu, mtu aliitwa kwa mnyama anayemlisha. Aliyelisha kobe alikuwa Baba Kobe, aliyelisha hondohondo alikuwa Mama Ndege, na aliyelisha panya alikuwa Mama Panya, apende asipende. Mama Ndege alilipenda jina lake. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye sauti ya kupita milango miwili, na hakuna mtoto aliyewahi kumfanya aitwe Mama Fulani. Mume alimwacha kwa sababu hiyo hiyo, akaoa mtaa wa pili, akapata mapacha, kisha akawa anawapitisha mbele ya mlango wake wakiwa wamevalishwa sare. Usimcheke. Lakini usimhurumie haraka pia, maana bado sijakwambia alichofanya.

Mama Panya alikuwa wifi yake, mjane wa mdogo wake wa kiume. Yule mdogo alikuwa fundi wa kupaua, na siku moja alianguka pamoja na kenchi ya paa aliyokuwa anaipigilia, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Aliacha mke kijana na binti mmoja, na binti huyo wakamwita Kidoti kwa sababu ya doa jeusi shavuni. Doa hilo alikuwa nalo marehemu, alikuwa nalo baba yao, na Mama Ndege analo mpaka leo, shavu lile lile. Kila akimtazama mtoto yule alijiona mwenyewe, mdogo, kabla dunia haijamfanyia ilichomfanyia.

Msiba ulipoisha ni yeye aliyemtafutia wifi kazi kituoni. Watu wakamsifu, wakasema damu nzito kuliko maji. Kweli ilikuwa nzito. Kidoti akitoka shule alikuja kituoni kumsubiri mama yake, na Mama Ndege alikuwa akimtengea papai lililoiva na kumsuka nywele kwenye ngazi za nyuma. Alianza kununua viatu vya mtoto. Akanunua kitanda kidogo, akakiweka chumba cha nyuma nyumbani kwake, akakitandika, akafunga mlango. Halafu akasema.

"Wifi, niachie huyu mtoto nimlee. Wewe bado kijana, utaolewa tena. Utakwenda naye wapi?"

Mama Panya alikuwa anaosha vyombo vya maji vya panya wake. Hakukasirika. Alikausha mikono, akajibu kwa upole, na upole huo ndio uliomponza.

"Wifi, wangu ni mmoja tu, sina wa kugawa. Usinielewe vibaya. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

Methali hiyo tunaisema kila siku, tunaisema hata kwenye foleni ya maji. Lakini kuna watu wa kuambiwa na watu wa kutoambiwa. Mama Ndege alicheka, akasema ni kweli kabisa wifi yangu, akaenda kukata matunda ya ndege wake, na kisu kikapita kwenye papai mpaka kikaingia kwenye ubao. Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta njia.

Njia ikamjia yenyewe. Mkuu wa kituo aliwaita wote ofisini akawaambia wafadhili wamechoka. Hawawezi tena kulisha kila mnyama anayekaribia kutoweka. Kobe watahamishiwa kituo kingine. Katika korido ile ya mwisho, yenye milango miwili inayotazamana, watamchagua mmoja: hondohondo au panya milia. Watakuja wenyewe kuona na kulinganisha. Atakayeachwa hana pa kupelekwa, msitu wake umeshakuwa mashamba, kwa hiyo daktari atamlaza usingizi asiamke. Na mlezi wake naye atakwenda nyumbani.

Mama Panya alishika ukingo wa meza. Mama Ndege alitazama ule mkono, akajua ya kwamba mkono ule ukikosa mshahara hautaweza kumlisha mtoto.

Basi bwana, kazi ya kulinganisha ikaanza humo humo jikoni kwa wanyama, juu ya ndoo za matunda, mbele ya kila mtu.

"Tusidanganyane," alisema Mama Ndege. "Nani atatoa pesa yake kumfuga panya? Watu wananunua sumu wamuue. Hondohondo ana domo lile, ana kope kama bibi harusi, akiruka mabawa yanavuma. Panya ana nini? Mkia."

Wenzao wakacheka. Mama Panya naye akacheka kidogo, maana alikuwa hajui kugombana.

"Panya wangu anafukia mbegu," alisema. "Anafukia nyingi kuliko anazokula, nyingine anazisahau, zinaota. Ile miti mikubwa yenye matundu anayotagia hondohondo wako, nani aliipanda? Mmalize panya, halafu huyo bibi harusi tumtafutie nyumba ya kupanga."

Ilikuwa hoja nzuri. Baba Kobe akapiga makofi. Mama Ndege hakupiga, akasema hoja haina kope.

Ila alijua kwamba wafadhili si wajinga, na hoja ile ikisemwa vizuri mbele yao inaweza kumla. Alijua pia jambo jingine, na hili lilimkosesha raha. Msimu uliotangulia, kwenye kamera iliyowekwa ndani ya kiota, alimwona kwa macho yake jike wa hondohondo akimchukua kinda wake wa mwisho, yule dhaifu, akamdonoa kichwani, kisha akampa mkubwa ammeze. Mama yule yule mwenye kope. Mama Ndege aliizima skrini, akaandaa chakula cha jioni cha ndege wake, akakaa kimya na kimya hicho kikamzoea.

Sasa chumba cha panya kilikuwa na sheria, na sheria hiyo kila mtu pale aliijua. Panya milia akishazaa haguswi wala hasumbuliwi. Unaacha viatu nje, unaongea kwa kunong'ona, na anaingia mtu mmoja tu, yule wanayemjua harufu. Wakishtushwa na kelele wakati wanao bado hawana manyoya, huwala. Si kwa ubaya. Anaona hatari imefika, anaona hataweza kuwaokoa, basi anawarudisha alikowatoa. Mama Panya alipokuwa na panya waliozaa chumbani alitembea kwa soksi na hata kupiga chafya alitoka nje. Na wiki ile ya wageni alikuwa nao. Wengi.

Alikwenda kwa mkuu akaomba wageni wasiingie, watazame kupitia kioo cha mlangoni. Mkuu akakubali. Lakini mwenye ulimi pale kituoni alikuwa nani? Mkuu akamkabidhi Mama Ndege awatembeze wageni.

Walikuja asubuhi, wanaume kwa wanawake, nguo nadhifu, viatu vigumu vinavyolia sakafuni. Mama Ndege aliwaanzia kwake. Aliwasimamisha mbele ya skrini, wakamwona jike wa hondohondo ndani ya tundu lake gizani, mlango ameuziba kwa udongo, imebaki ufa wa kupitisha mdomo. Akawaeleza, na alijua kueleza. Jike huyu amejifungia mwenyewe. Amenyonyoka manyoya yake yote ya kurukia ili awe na makinda. Hawezi kutoka hata akitaka. Mume ndiye anayemletea chakula pale ufani, tunda moja moja, kutwa nzima. Mama mmoja kati ya wageni, mwenye miwani, aliivua akaifuta.

Kisha wakavuka korido. Mama Panya alikuwa amesimama mlangoni kwake pekupeku, amevaa koti safi la kazi, maneno yake ameyapanga. Kando yake alisimama Kidoti na mkoba wa shule, maana siku hiyo walimu walikuwa na kikao na watoto waliachiwa mapema. Mama Ndege alikuwa na sinia la bati lenye matunda, kama aliyesahau kuliweka.

"Karibuni ndani," alisema, akaufungua mlango kwa kiwiko. "Mgeni hachungulii kwenye kioo kama mwizi."

"Wifi," alinong'ona Mama Panya. "Wifi, wamezaa. Wifi, viatu."

Alinong'ona, hebu fikiria. Hata wakati ule hakuweza kupaza sauti, kwa sababu sauti yenyewe ingewaua. Alinyoosha mikono kuwazuia watu wazima waliomzidi cheo, nao wakampita wakidhani anawakaribisha. Viatu vikalia. Na walipokuwa wote wameshaingia, sinia likamponyoka Mama Ndege. Ndivyo alivyosema baadaye, kwamba lilimponyoka. Sinia haliponyoki mikononi mwa mtu aliyelishika kwa mikono miwili.

Mlio ule ulizunguka chumba, ukagonga kila kizimba. Halafu pakawa kimya, na katika kimya hicho wageni wakainama kutazama. Panya wa kizimba cha mbele alizunguka mara moja. Akamchukua wa kwanza kwa mikono miwili, kama wanavyoshika mbegu, akaanzia kichwani. Kizimba cha pili, hivyo hivyo. Cha tatu. Walisikika wakitafuna, maana vifupa vya watoto wa siku chache ni laini lakini si bubu.

Yule mama wa miwani alitoka nje. Mwanamume mmoja akasema jina la Mungu. Mama Panya alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, machozi yanashuka juu ya vidole, na bado hakutoa sauti, kwa sababu vizimba vya nyuma vilikuwa bado havijaanza.

"Mama, kwa nini anakula?" aliuliza Kidoti.

Shangazi yake akamwinamia mtoto, akamshika bega, akajibu kwa sauti ya kusikika na wageni wote.

"Kwa sababu ana woga na ana njaa, mwanangu, na hana mume wa kumletea. Mama wa namna hiyo hula wanawe. Ndivyo walivyo. Si kama yule mama tuliyemwona kule."

Akamtazama wifi yake alipokuwa anasema. Mama Panya alielewa neno moja moja. Unajua mtu anavyopigwa kofi na mtu aliyemlisha? Uso haukubadilika, ila shingo ililegea.

Maneno ya mbegu na miti hakuyasema. Nani angemsikiliza? Jioni ile ile wafadhili walitoa jibu: abaki hondohondo.

Daktari wa kituo hakuwa mtu mbaya, lakini panya walikuwa wakimng'ata. Basi ikabidi Mama Panya mwenyewe awatoe, mmoja mmoja, kwa sababu mkono wake waliujua na waliupanda kwa hiari. Aliwatia kwenye sanduku la kioo, daktari akafungua gesi, wakalala. Mama Ndege alisimama korido akingoja waliokwisha kulala, maana hondohondo akiwa na makinda hula nyama, na nyama haitupwi. Aliijaza kwenye mifuko akaitia friza. Wifi yake alipompa mfuko wa mwisho walitazamana.

"Sinia lile ulilishika vizuri, wifi," alisema Mama Panya. "Nilikuona."

"Umechoka," alisema Mama Ndege. "Nenda kapumzike."

Nyumbani alikopumzika kulikuwa chumba kimoja cha kupanga. Alianza kufua nguo za watu, kisha wenye nguo wakanunua mashine. Akauza maji ya baridi, jua likawa hasara yake na mvua hasara yake. Mama Ndege hakwenda kumwomba mtoto tena. Alijua njaa haina haja ya kusindikizwa. Alipita tu mara moja moja na mkate, akausimamia ukiliwa, akaona ya kwamba mama anameza mate na mtoto anakula peke yake.

Ila aliona na jambo jingine. Mtoto alikuwa anakula amekaa karibu na mlango.

Siku moja mchana Mama Panya akaja mwenyewe nyumbani kwake. Alikuwa amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Hakukaa kwenye kiti.

"Wifi, sikuja kuomba chakula. Nimekuja kuuliza, wewe ni mtu mzima, pengine unajua. Kidoti ananiogopa. Hataki kulala kitandani kwangu, analala chini ya meza. Nikilia anakimbilia nje. Jana nilimwambia nina njaa, akaanza kupiga kelele mpaka majirani wakaja. Nimemfanya nini mwanangu?"

Mama Ndege alijua pale pale. Alijua kama unavyoijua sauti yako mwenyewe ikirudi kutoka ukutani. Mama mwenye woga na njaa, asiye na mume wa kumletea. Neno moja lingetosha: muulize kuhusu siku ile ya panya, umwambie binadamu hawafanyi hivyo. Lilikuwa limeshafika ulimini. Alilisikia kabisa, na akaona kile kitanda cha chumba cha nyuma kilivyotandikwa.

"Ni njaa tu," alisema. "Mlete kwangu, apumzike. Ukipata kazi utamchukua."

Mama Panya alikuwa anamjua mtu huyu, alikuwa ameshaona sinia. Lakini mtoto wake alikuwa analala chini ya meza.

"Utanirudishia?"

"Wifi, mimi si mwizi."

Akamleta kesho yake na mfuko wa nguo. Kidoti aliingia kwa shangazi bila kugeuka nyuma, akaenda moja kwa moja jikoni akatazama sufuria, akaona imejaa, akakaa. Mama yake alibaki kizingitini na mkono umeinuka nusu, akingoja kuagwa. Halafu akaondoka kwenda mji mwingine alikoambiwa kuna kazi ya kufagia soko.

Mama Ndege sasa alikuwa na mtoto. Nataka nikwambie alipata adhabu, usiku hakulala, chakula kilikwama kooni. Uongo mtupu. Alilala vizuri kuliko alivyowahi kulala tangu aolewe. Alimsuka mtoto nywele, alimshika mkono kwenda shule akipitia mtaa wa pili makusudi ili aonekane, na mtu akimwuliza huyu nani alijibu: hulioni doa?

Mama Panya alirudi mara moja, siku ya mapumziko, na zawadi ya chupi mpya na pipi. Alisimama uani, amepata kazi kidogo, amepaka mafuta, anacheka kwa hofu kama mtu aliyekuja kuposa.

"Kidoti. Mama amekuja."

Mtoto alipita chini ya mkono wa shangazi yake, akaingia chumba cha nyuma, wakasikia kitanda kikisogezwa mlangoni. Mama yake akamfuata mpaka mlangoni, akapiga magoti, akaongea na mbao. Alimwambia ameshiba, kwa sababu hilo ndilo lililomjia. Alisema mara nyingi, mama ameshiba leo, fungua. Kitanda hakikusogea. Mama Ndege alikuwa amesimama nyuma yake amekunja mikono.

"Mwache tu, wifi," alisema. "Watoto ndivyo walivyo. Usije tena kumshtua."

Mama Panya aliinuka, akafuta magoti. Pipi aliziacha juu ya dirisha. Alipotoka getini alikuwa anatembea taratibu, akiweka nyayo polepole, asipige kelele.

Mama Ndege akafunga mlango, akapakua chakula cha mchana. Alipakua kingi, alikuwa na furaha, furaha iliyokuwa inamjaa kifuani mpaka ikamtoa machozi. Kidoti akaja akakaa. Mezani walikuwa wawili, madoa mawili, na nje jua la mchana limetulia.

"Shangazi."

"Naam, mwanangu."

"Wako uliwala wangapi?"

Mama Ndege hakuelewa. Akauliza, wangu nani?

"Watoto wako. Nyumba ina vyumba vitatu na hakuna hata mtoto mmoja." Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kama anavyouliza mtoto mwenye adabu, mgongo umenyooka, mikono mapajani. "Mume wako alikwenda mtaa wa pili, nikajua hukuwa na wa kukuletea. Uliwala wote?"

Angeweza kujibu. Jibu lilikuwa fupi na lilikuwa la kweli: hakuna mwanamke anayekula wanawe, mwanangu, nilisema uongo. Lakini akishalitamka hilo, mtoto atainuka kwenye kiti kile, atakimbia barabarani, na mama yake bado hajafika kituo cha basi. Mama Ndege alitazama lile doa shavuni.

"Kula, chakula kinapoa," alisema.

Kidoti aliitazama sahani yake, kisha akamtazama shangazi yake usoni kwa makini, kuanzia macho hadi mdomo. Taratibu, kwa mikono miwili, akaisukuma sahani yote upande wa pili wa meza.

"Kula wewe, shangazi," alisema. "Kula ushibe."

Shangazi mtu akashika kijiko, akala, na mtoto alikaa pale pale akimhesabia tonge, mpaka sahani zote mbili zikaisha.